Saini ya Mama Tochi Kwenye Ndege ya Sita

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko njiani, usikimbie. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Tochi.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wa karakana ya ndege, kwa sababu hakuonekana kazini bila tochi ndogo ya chuma kwenye mfuko wa kifuani. Mama Tochi alikuwa mkaguzi. Fundi akimaliza kazi yake, mkaguzi anakuja kuangalia. Akiridhika anatia saini na kugonga muhuri. Bila saini hiyo, ndege hairuki. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili.

Mama Tochi alifariki mwezi uliopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wake, ukurasa mmoja. Ulisema alikuwa mama mwema, jirani mwema, na mtunza vifaa karakana. Basi. Ile miaka kumi na miwili ya ukaguzi haikutajwa hata kwa neno moja.

Aliyeuandika wasifu huo ni binti yake wa pekee. Ndiye aliyekuja hapa studio wiki iliyopita, akakaa bila kuegemea kiti, akasema: “Mimi ndiye niliyemfuta mama yangu. Naomba mnisaidie kumwandika upya.”

Basi tuanze.

Mama Tochi aliingia karakana akiwa mfagiaji. Alikuwa anafagia vipande vya mabati chini ya mabawa, na kila kipande anakiuliza maswali. Kimetoka wapi? Kwa nini kimekatwa hivi? Mafundi walimcheka. Mmoja alimwambia, “Dada, fagia tu, bati halijibu.” Akajibu, “Linajibu, kaka. Wewe ndiye hujaliuliza.” Alisoma masomo ya jioni miaka sita. Akawa fundi. Kisha, akiwa na miaka thelathini na saba, akawa mkaguzi. Mkaguzi mwanamke wa kwanza katika karakana ile, na kwa miaka mingi, wa pekee.

Siku yake ya kwanza walimwekea ndoo na dekio juu ya meza yake mpya. Mdogo wake, ambaye binti humwita mama mdogo, anaikumbuka vizuri siku hiyo. “Dada hakugomba,” anasema. “Alilichukua lile dekio, akadeki pale walipokuwa wamesimama, akawaambia, ‘Haya, inueni miguu. Hapa sasa ni ofisini kwangu.’ Hawakurudia tena.”

Wasikilizaji wapendwa, sasa tufike kwenye vibawa.

Huenda umewahi kuona ndege ambayo ncha za mabawa yake zimekunjwa kwenda juu. Zile ncha ndizo vibawa. Ndege nyingi hazikuzaliwa nazo. Shirika linanunua vibawa, ncha ya bawa la zamani inakatwa, bawa linaimarishwa kwa ndani, kibawa kinafungwa kwa boliti. Kazi ya kibawa ni kubana matumizi ya mafuta.

Binti anakumbuka jinsi alivyofundishwa jambo hilo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko mwaka wa kwanza katika chuo cha ufundi wa ndege, amerudi nyumbani kwa siku mbili. Mama yake alikuwa anaosha vyombo. Akamwita. “Njoo uone, mwanangu. Tazama pembeni.” Akachovya sahani nusu ndani ya beseni, akaivuta polepole. Pembeni mwa sahani maji yakajizungusha, vijiduara viwili vikaifuata sahani kama vifaranga. “Umeviona? Na hewa ndivyo inavyofanya kwenye ncha ya bawa. Inatoka chini, inapanda juu, inajizungusha, inaivuta ndege nyuma. Rubani anachoma mafuta kwa ajili ya kuburuta kile kizunguzungu. Sasa kibawa kinaiambia hewa: huku hakupitiki.”

“Inasaidia kiasi gani?” binti aliuliza.

“Katika kila lita mia, lita nne zinabaki kwenye tangi.”

“Nne tu?”

“Nne tu, anasema! Zidisha kwa safari za mwaka mzima, halafu uniambie tena hilo neno ‘tu’.”

Shirika liliagiza vibawa vya ndege sita. Vilikuja kwenye makreti marefu kuliko mlango. Mafundi walivipenda. Ndege ya kwanza ilipotoka nje, mmoja wao alipiga mluzi akasema, “Bwana harusi kakunja kola!” Ndege ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kila moja ilisainiwa na Mama Tochi. Ikabaki ya sita.

Hapa kuna kitu kimoja kidogo lazima nikieleze. Bawa ni la bati. Kibawa ni cha nyuzi za kaboni zilizoshindiliwa pamoja. Ndege ikipigwa na radi, na hupigwa, umeme unatakiwa upite kutoka kwenye kibawa hadi kwenye bawa bila kuunguza kitu. Njia yake ni waya wa shaba uliosukwa, mfupi, unakaa ndani, nyuma ya kifuniko. Kila kibawa kina nyaya mbili. Ndege moja, nyaya nne. Kifuniko kikishafungwa, huzioni tena.

Sheria ilisema mkaguzi apande mwenyewe, aone kwa macho yake, aguse kwa mkono wake. Lakini kazi zikiwa nyingi, sheria nayo hupewa likizo. Karakana ile ilikuwa na mtindo wake, wenyewe waliuita kuimbiana. Mkaguzi anasimama chini na karatasi, fundi yuko juu ya jukwaa. Mkaguzi anataja, fundi anaitikia. Boliti za mbele? Zipo! Boliti za nyuma? Zipo! Na mkaguzi anaweka alama ya vema.

Mama Tochi hakuupenda mtindo huo. Kwenye ndege tano zote alipanda. Lakini kulikuwa na siri. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kwa miezi minne. Alilifunga bandeji chini ya ovaroli, na kazini hakumwambia mtu. Kulikuwa na jukwaa la umeme ambalo lingempandisha hadi juu bila ngazi. Ilibidi tu aliombe kwa mkuu wa karakana. Na kuomba maana yake ni kueleza kwa nini.

Maelezo aliyoyaandika baadaye kwa mkono wake yapo, kurasa tatu. Ukurasa wa pili unasema hivi: “Niliona haya kuomba jukwaa. Nilifikiri watasema, mwanamke amechoka. Nikaona afadhali niimbiane kwa mara moja tu.”

Mara moja tu, wasikilizaji. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Bawa la kulia, ndege ya sita. Juu ya jukwaa alikuwepo fundi kijana aliyeitwa Chapchap, na jina lake lilikuwa kazi yake. Kesho yake asubuhi ndege ilitakiwa iwe na abiria.

“Waya wa radi, wa kwanza?” aliuliza Mama Tochi kutoka chini.

“Upo!”

“Wa pili?”

“Upo, Mama! Andika twende tukanywe chai.”

Akaandika. Akasaini. Akagonga muhuri.

Jumamosi saa moja asubuhi ndege ya sita iliruka na abiria mia moja thelathini na wawili. Saa mbili na nusu, mtunza stoo aliyekuwa anavunja makreti matupu alimwita Mama Tochi. Alikuwa ameshika kitu mkononi. “Mama, kuna waya umebaki humu. Huu ni wa akiba?”

Hakukuwa na waya wa akiba. Nyaya zilikuja nne, za ndege moja. Mama Tochi aliuchukua, akauweka kwenye kiganja, akautazama. Kisha akamtafuta Chapchap.

Chapchap aliutambua waya ule mara moja. Mwenyewe anasimulia hivi leo, naye sasa ni mtu mzima mwenye mvi: “Nilimwambia upo kwa sababu nilijua nitauweka. Nilikuwa nimeufunga ule wa kwanza, wa pili nimeuacha kretini. Nikasema moyoni, nikitoka kunywa chai nauweka. Nilipotoka kunywa chai nikakuta mwenzangu ameshafunga kifuniko. Nikasahau. Haki ya Mungu nilisahau.”

Siku hiyo alimsihi. “Mama, ndege inarudi saa kumi. Nitapanda mimi, dakika ishirini, nauweka, nafunga. Nani atajua? Na ule wa kwanza upo, Mama. Mmoja unatosha.”

“Ungetosha mmoja, wasingetuletea mbili.”

“Watakufukuza, Mama.”

“Na mawingu je? Umeshayaambia yasubiri hadi saa kumi?”

Akapanda ofisini, akishikilia ukuta kwa ajili ya goti. Akasema mbele ya wakubwa wake: “Ndege ya sita haina waya mmoja wa radi, bawa la kulia. Nimesaini bila kuona.” Hakusema nani aliitikia. Walimuuliza mara tatu, fundi alikuwa nani. Mara tatu akajibu, “Saini ni ya nani? Ni yangu.”

Rubani aliambiwa ayakwepe mawingu. Ndege ilitua salama. Narudia: ilitua salama, hakuna aliyeumia. Lakini ilizuiliwa huko ilikotua mpaka waya upelekwe. Abiria wa kurudi walikaa kwenye viti vya kiwanja kwa muda wa saa tisa. Mmoja wao alikuwa anawahi mazishi ya baba yake. Hakuwahi. Mama Tochi alimwandikia barua ya kuomba radhi. Haikujibiwa, naye hakuwahi kusema kwamba alistahili kujibiwa.

Alinyang’anywa muhuri. Habari zilitoka. Hazikutaja jina, zilisema tu “mkaguzi mwanamke wa karakana”. Kwani walikuwa wangapi? Alihamishiwa kwenye chumba cha vifaa. Pale alikaa miaka tisa hadi alipostaafu, nyuma ya kidirisha, akigawa spana na kuzipokea. Fundi akija kuchukua kifaa, Mama Tochi alikuwa anamuuliza, “Jana umekagua kwa macho, au kwa masikio?” Wengine walinuna. Wengine walirudi kuangalia tena kazi yao. Kuimbiana kulikufa katika karakana ile, na aliyekuua ni yeye, kupitia tundu la dirisha.

Lakini hayo binti yake hakuyajua. Au tuseme hakutaka kuyajua.

Chuoni mkufunzi aliligeuza tukio lile kuwa somo. Hakutaja mtu. Alisimama mbele ya darasa, akaegemea ubao, akaigiza: mkono mmoja ameshika karatasi, mwingine ameshika kiuno. “Waya?” Darasa likaitikia, “Upo!” Kicheko. “Wa pili?” “Upo!” Kicheko tena. Somo likapewa jina, Kisa cha Ndege ya Sita.

“Nami nilicheka,” anasema binti. “Sikutabasamu tu. Nilicheka. Niliitikia ‘upo’ pamoja nao. Aliyekaa kando yangu akasema, ‘Huyo mama alikuwa mvivu kweli.’ Nikasema, ‘Kweli.’”

Miaka mitatu baadaye alihitimu. Alimwambia mama yake kwamba kila mhitimu amepewa kadi moja tu ya mgeni, na kadi hiyo ameshampa mama mdogo. Haikuwa kweli. Kadi zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa katikati ya kitabu, juu ya kabati, chumba hicho hicho walichokuwa wamesimama. Mama Tochi alisema, “Hakuna neno, mwanangu. Mdogo wangu ana vigelegele vingi kuliko mimi.” Kisha akampigia pasi joho lake. Alilipiga pasi asubuhi hiyo akiwa amesimama, na goti lile lile.

Mama mdogo hajasahau. “Nilikaa kwenye kiti cha dada yangu. Jina la mtoto likaitwa. Watu wote wanapiga kelele, mimi mikono imekataa. Niliona haya kupiga makofi.”

Leo binti ni mpangaji wa safari za ndege. Kila asubuhi anakaa mbele ya kompyuta na kukokotoa mafuta ya kila safari. Uzito, upepo, umbali. Na kwa ndege zile sita, kila siku, anapunguza: nne katika kila mia, kwa sababu ya vibawa. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akiipunguza ile hesabu. Wenzake wanavisifia vile vibawa. Hakuwahi kuwaambia ni mkono wa nani uliovigusa kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, isipokuwa nyuma ya kifuniko kimoja.

Mama yake alipofariki, yeye akaandika wasifu. Aliandika usiku na mchana, akafuta, akaandika. Mwisho likabaki neno mtunza vifaa.

Siku ya mazishi kulikuwa na wanaume wengi ambao hakuwajua. Walisimama nyuma, wamevaa mashati safi, lakini kucha zao zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Wasifu uliposomwa, walitazamana. Baadaye mmoja akamfuata. Alikuwa Chapchap, ambaye siku hizi ndiye mkuu wa karakana.

“Pole, binti yangu,” alisema. “Pole sana. Lakini mbona umemfuta mama yako?”

Chapchap akaendelea:

“Mimi ndiye niliyesema upo. Miaka kumi na miwili nimekula mshahara wa mdomo wake kunyamaza. Nilimwambia mara ngapi nitakwenda kusema? Akaniambia, ‘Una watoto wadogo. Wewe fundisha wenzako kupanda ngazi.’ Niliona haya, nikakubali. Sasa wewe ulikuwa unaona haya ya nini?”

Akampa bahasha. Ndani kulikuwa na nakala ya zile kurasa tatu, kutoka kwenye jalada la karakana. Binti alizisoma akiwa bado amesimama pale, viti vinakusanywa. Hapo ndipo alipolijua goti. Alikuwa amekaa nyumba moja na lile goti, na hakuwa amelijua. Kwake lilikuwa tu jinsi mama yake alivyotembea.

Wasikilizaji wapendwa, baada ya juma moja binti alikwenda kwenye kile chuo. Hakuagizwa na mtu. Mkufunzi ni yule yule, na somo ni lile lile. Akaomba dakika kumi. Akasimama mbele ya darasa la vijana arobaini, akasema: “Yule mkaguzi wa Ndege ya Sita alikuwa mama yangu. Hakuwa mvivu. Alikuwa anaumwa goti, na aliona haya kusema. Alikosea. Kisha akapanda ofisini akasema amekosea, wakati ambao angeweza kunyamaza. Nusu hiyo ya kisa hamfundishwi. Nami nilikaa darasa hili, nikacheka.”

Mkufunzi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Ndipo msichana mmoja, wa safu ya mbele, akanyoosha mkono. Hakuuliza habari za waya. Hakuuliza habari za radi. Aliuliza, “Dada, siku ile mama alipotoka ofisini, akarudi nyumbani, alimkuta nani?”

Binti anasema alitaka kudanganya. Anasema uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu. Lakini alikuwa amesimama mahali pale, mbele ya watu wale. Akajibu.

“Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwepo nyumbani. Nilisikia kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana. Nikafunga begi. Nikaacha kikaratasi mezani, nimeandika nina mtihani Jumatatu, narudi chuoni kusoma. Sikuwa na mtihani. Nilitoka kwa mlango wa nyuma ili majirani wasiniulize. Mama alirudi jioni. Hakumkuta mtu.”

Msichana yule akauliza tena, taratibu: “Na alisema nini mlipoonana?”

“Aliniuliza kama mtihani ulikuwa mgumu.”

Wasikilizaji wapendwa, binti alipofika hapo katika studio hii, aliomba tuzime kipaza sauti. Tulikizima. Alipokuwa tayari, tulikiwasha, akasema sentensi moja ambayo anataka iingie kwenye wasifu wa mama yake. Naisoma kama alivyoisema: “Alikuwa mkaguzi wa ndege kwa miaka kumi na miwili; alikosea mara moja, akasema mwenyewe; na mwanawe alimkimbia.” Nilimwambia sehemu ya mwisho tunaweza kuiacha. Akasema hapana, mara hii hakuna kitu kitakachobaki nyuma ya kifuniko.

Kwa binti, kwa mama mdogo, kwa mkuu wa karakana na mafundi wote waliosimama nyuma siku ile, tunatoa pole zetu za dhati. Mwenyezi Mungu ampumzishe Mama Tochi. Na kwa yule abiria ambaye hakuwahi kumzika baba yake, popote alipo: pole sana, ndugu. Barua ile ilitoka moyoni.

Kwako wewe unayesikiliza, nina ombi. Mimi bado kijana, na ninaamini watu wanaweza kuwa bora kuliko walivyokuwa jana. Watu wengi hunyamaza na makosa yao kwa sababu wanajua wakisema watakuwa peke yao. Basi ikitokea katika nyumba yako mtu amekosea, akaenda mwenyewe kusema, akaaibika mbele ya watu, usimwachie kikaratasi mezani. Asikie mtu ndani anapofungua mlango.